Ng'ombe Walioshuka Bila Maua

Jumatatu, 3 Juni 2024

Daftari hili Vroni aliniletea Krismasi, eti niandike mambo ya moyoni. Moyoni mwangu kuna ng'ombe kumi na mmoja na mume mmoja, nikaona halina kazi, nikaliweka kabatini chini ya vitambaa vya meza. Leo nimelitoa. Nina neno ambalo nikimwambia Kassian litafika kilabuni kabla yeye mwenyewe hajafika.

Naogopa. Basi, nimeliandika.

Jana Vroni alikuja kula na sisi. Nilipika madonge ya mkate na nyama ya moshi, anayoyapenda. Mwanangu anafanya kazi maabara ya chuo kikuu, Innsbruck, na kila akija anakuja na jambo. Safari hii wanatafuta wanawake wa miaka arobaini na tano hadi sabini wajitolee katika utafiti. Wanachukua ute kwenye mlango wa kizazi kwa kijiti chenye pamba, wanasoma alama zilizoko juu ya vinasaba, halafu wanakwambia hatari yako ya kansa ya titi ni ndogo, ya kati au kubwa.

Kassian akaweka uma chini. Akasema ameishi na ng'ombe maisha yake yote na hajamwona mtu anayempima ng'ombe meno kwa kuanzia mkiani.

Vroni hakukasirika, amemzoea baba yake. Akaeleza kwamba seli za kule chini na seli za titi zinasikiliza homoni zilezile, kwa hiyo maisha yanaziandika kwa mwandiko mmoja. Na kule chini ni rahisi kufika bila kisu. Kassian akauliza mwandiko gani tena. Vroni akachukua kitabu changu cha mapishi na vibanio viwili vya nguo. Vinasaba ndiyo kitabu, akasema, tunazaliwa nacho na hakibadiliki. Alama ndiyo vibanio. Umri, sigara, uzazi, unene, vyote vinabana kurasa huku na kufungua kule. Akabana ukurasa wa madonge. Mapishi yapo, akasema, ila hayasomeki, na mpishi ataharibu.

"Sasa mke wangu amebanwa wapi?" akauliza Kassian. Tulicheka wote, mimi nikacheka kuliko wote ili nisionekane.

Mama alikufa kwa kansa ya titi akiwa na miaka arobaini na saba. Mimi nina hamsini na tatu. Miaka mitano iliyopita nilipimwa kile kinasaba kibaya kirithiwacho, nikaambiwa sina. Nikafurahi, nikaoka keki. Sasa Vroni anasema kwamba wengi wanaougua hawana hicho cha kurithi. Keki yangu yote ya bure!

Wifi yangu Filomena alikuwepo mezani. Dada mkubwa wa Kassian, miaka sitini na nne, hajaolewa, anaishi chumba cha juu na anajua kosa la kila mtu nyumbani. Vroni akamgeukia, shangazi, na wewe umo kwenye umri. Filomena akafuta sahani yake kwa mkate. Akasema yeye kazaliwa kabla ya alama, wamwache. Daktari wa mwisho kumgusa wifi yangu ni daktari wa ng'ombe, mwaka ule ng'ombe wetu Zenta alipomkanyaga mkono.


Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda. Dakika mbili, kisha nimeshuka kitandani. Daktari Thaler ni mwanamke mpole mwenye mikono ya moto, Mungu ambariki kwa hiyo mikono.

Shida si kijiti. Shida ni karatasi. Chini kabisa kuna visanduku viwili. NATAKA KUJUA MAJIBU. SITAKI KUJUA MAJIBU. Nimekaa na kalamu kama mtoto aliyesahau jina lake. Mama wa mapokezi aliyekuwa akiingojea karatasi ameniuliza mara mbili kama nahitaji miwani.

Nimetia alama, nimekunja, nimempa, nimekimbilia basi.


Jumamosi, 15 Juni

Ng'ombe wamepanda malishoni juu mlimani leo. Filomena mbele na fimbo, Zenta nyuma yake na kengele kubwa, wengine wakifuata kwa ukubwa wa tamaa. Mpaka Septemba wifi yangu atakaa kule juu peke yake, akamue, atengeneze jibini, asiongee na mtu. Ndiyo likizo yake. Ndiyo na yangu.

Amenipigia kelele kwamba nimefunga mkate vibaya. Nimemwambia safari njema, wifi.


Jumanne, 9 Julai

Simu kutoka mjini. Yule mama wa karatasi. Anasema kwa adabu sana kwamba nimetia alama visanduku vyote viwili.

Nikamwambia ndivyo ninavyojisikia.

Halafu akacheka, akasema mama, mashine yetu haina kisanduku cha hivyo. Akaniambia nifikirie niwapigie kesho. Nimekwenda nyuma ya nyumba nikageuza nyasi zilizokwisha kugeuzwa. Kassian akauliza nyasi zimekosa nini.

Nimemfikiria mama. Alikuwa na kivimbe kwapani majira yote ya baridi, akisema ni kamba ya ndoo imemkwaruza. Alituficha sisi, akamficha baba, akamficha padri. Tuliambiwa Pasaka. Tulimzika wakati wa kukata nyasi, na wanaume walikuja mazikoni na mashati yaliyolowa jasho. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na mpaka leo nina hasira naye. Nampenda, na nina hasira naye.

Nimepiga palepale, sikungoja kesho. Nimesema nataka kujua.


Ijumaa, 16 Agosti

Hakuna barua. Jana sikukuu ya Kupalizwa Maria, tumebariki mashada ya majani kanisani. Jirani yangu Ottilie alileta shada kubwa kama ndoo. Nikamwambia Ottilie, Mungu anaona hata dogo. Akasema dogo anaona, kubwa anakumbuka.

Kassian amechana suruali yake ya ngozi katika ngoma. Mgongo unamuuma tangu Mei na hataki kuuonyesha. Nimemwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Amesema mgongo wake si maradhi, ni urithi.


Jumatano, 28 Agosti

Kubwa.

Daktari Thaler hakuniambia kwa simu, aliniita. Nikajua palepale. Habari njema hazihitaji kiti.

Amenikalisha, akanimiminia maji, akasema maneno mengi mazuri. Kwamba huu bado ni utafiti na hakuna mwenye uhakika wote. Kwamba alama zangu zimenitia kwenye kundi la juu. Kwamba hatari si ugonjwa. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Akanitazama, akaona sijasikia kitu. Akaniuliza unatoka bonde gani. Nikamwambia. Akasema, "Basi wewe unasoma kiwango cha maporomoko ya theluji kila asubuhi ya baridi. Kikiwa cha nne kati ya vitano, nyumba yako imefunikwa?"

Nikasema hapana. Kikiwa cha nne hatuendi upande wa kaskazini, tunaweka koleo ndani, tunasikiliza.

"Ndivyo hivyo," akasema. "Tunasikiliza. Kila mwaka tunakupiga picha, na mara ya kwanza mwezi ujao, tarehe thelathini."

Hapo nikaelewa. Hapo pia nikalia, na karatasi zake za kufutia machozi ni laini kuliko za kwangu.

Vroni alinisubiri chini mlangoni. Hajui majibu ya mtu, sampuli kwao zina namba tu. Alinitazama usoni akajua. Alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Kisha akaanza kusema mama, mama, ndiyo maana ya kipimo, ukijua mapema... Nikamwambia Vroni, leo usiwe mtaalamu, ninunulie kahawa. Kaninunulia na keki.


Alhamisi, 29 Agosti

Nimeosha madirisha yote ya nyumba. Yalikuwa safi.


Jumapili, 1 Septemba

Siwezi kukaa na neno hili peke yangu. Kassian nampenda, lakini Kassian akilijua, mpiga tarumbeta wa bendi atalijua, na padri atalitangaza baada ya Komunyo. Mtu mmoja tu bondeni humu anafunga mdomo. Kaburi linasema kuliko yeye.

Mwendo wa saa tatu na nusu kupanda. Nimebeba sukari, magazeti na soksi zake za sufu ili niwe na sababu. Wifi alikuwa mlangoni mwa kibanda anasugua chungu cha maziwa. Hakuniuliza kwa nini nimekuja. Aliniuliza kwa nini sikuleta chumvi.

Nimemwambia yote nikiwa nimesimama. Kijiti, alama, kundi la juu, tarehe thelathini. Aliendelea kusugua. Nikadhani hasikii. Kisha akaweka brashi chini, akauliza maswali, na wifi yangu haulizagi maswali. Mama yako alijuaje? Kilikuwa kigumu au laini? Kiliuma? Hicho kijiti cha Vroni, kama kitu kimeshakuwepo, kinakiona? Nikamwambia sidhani, hicho kinasema ya mbele, kilichopo kinaonekana kwa picha. Akaitikia kwa kichwa muda mrefu.

Nikaguswa, kwa kweli. Miaka thelathini na moja ya uwifi, sikujua ana huruma kiasi hicho na mimi. Nilitaka kumkumbatia, akanipa kipande cha jibini.

Nilipokuwa naondoka akasema, "Nenda kwenye hiyo picha, wifi. Usiwe mjinga." Nikashuka mlima nikiwa mwepesi. Nimeimba!


Jumamosi, 21 Septemba

Jamani. Jamani, jamani. Hata sijui nianze na kichwa au mkia.

Leo ng'ombe wameshuka. Kijiji kizima barabarani kama kila mwaka. Meza, bia, madonge ya kukaanga, bendi mbele ya kanisa, Kassian na kofia yake ya manyoya akisimama mbele kuliko mtu yeyote. Kwa sababu majira haya hatukupoteza hata ndama. Hakuna aliyeanguka mwambani, hakuna aliyepigwa na radi. Na nyumba isiyopatwa na msiba inashusha ng'ombe wake na mataji. Maua, matawi, vioo, utepe. Juzi nilipandisha masanduku mawili ya utepe kwa gari la Gebhard wa zimamoto, na Filomena akanitumia ujumbe: yamefika. Hilo tu.

Kengele zikasikika. Bendi ikaanza. Ng'ombe wakapinda kona ya ghala.

Watupu.

Kumi na mmoja, kila mmoja na kamba yake na kengele yake, hakuna hata ua la kiazi. Filomena mbele, aproni nyeusi, anatazama barabara. Bendi ikakatika chombo kimojakimoja, tarumbeta la mwisho likachelewa kuelewa. Wanaume wakavua kofia. Ottilie akafanya ishara ya msalaba kisha akanisogelea, akaniuliza taratibu ni nani.

Ni nani? Ng'ombe bila maua maana yake amekufa mnyama au mtu. Kassian akaanza kuhesabu, nikamwona midomo inacheza. Ng'ombe kumi na mmoja. Akanihesabu mimi. Akamhesabu dada yake. Akatoa simu akampigia Vroni, Vroni akapokea, Kassian akasikia sauti yake tu akakata. Sote tupo. Akasimama katikati ya barabara na kofia mkononi kama mfiwa asiyejua kafiwa na nani.

Na mimi nikajua. Wifi yangu ameniwekea matanga!

Nilimvuta Kassian zizini nikamwambia yote kwa pumzi moja. Akaketi kwenye kigoda cha kukamulia. Uso wake sijawahi kuuona vile. Kwanza akauliza kama nitakufa. Nikamwambia ndiyo, lakini si kwa majibu haya. Nikamweleza ya theluji, kiwango cha nne, koleo ndani. Akaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Kisha akakasirika. Si kwa kansa. Kwa kuwa nilipanda mlima mwendo wa saa tatu na nusu kumwambia dada yake, na yeye nalala naye kitanda kimoja.

"Ningenyamaza," akasema.

Akafikiri kidogo.

"Ningejaribu," akasema.

Nikamshika kichwa nikakiweka tumboni kwangu. Tulikaa hivyo, Zenta anatutazama.

Halafu akatoka akamkuta Filomena anafungua kengele. Akamwambia kwa sauti ya kusikika hadi kilabuni kwamba Mena, mke wangu hajafa, wewe umeshampikia uji wa matanga. Hatari si ugonjwa! Ingekuwa tunavua maua kila mwenye hatari, ng'ombe wa Austria nzima wangetembea uchi! Watu wakaanza kucheka, woga ukawatoka. Hata bendi ikapiga kidogo.

Filomena akanyanyua kengele nzito, akaipeleka ukutani, akaitundika.

"Mwaka huu hakuna maua," akasema, akaenda kufunga nguo zake.


Jumapili, 22 Septemba

Sasa bonde zima linajua mambo ya mlango wangu wa kizazi. Niliogopa mdomo wa Kassian, kumbe ningeogopa ng'ombe.

Keki sita tangu Misa. Nne za tufaha, moja ya mbegu za mpopi, moja sijui ya nini, ni ya padri. Ottilie alikuja wa kwanza, akakaa, akala kipande cha keki yake mwenyewe, akasema pole. Nikamwambia siumwi. Akasema anajua, lakini keki ilikuwa imeshaiva.

Kisha akanyamaza, na Ottilie hanyamazi. Akasema barua za kuitwa kupigwa picha ya matiti zinamjia kila baada ya miaka miwili, na anazo tatu nyuma ya saa ya ukutani. Anaogopa. Mwalimu Hiltrud aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni akasema yeye zake anaziweka kwenye Biblia. Mama wa duka la mikate akasema yeye alikwenda mara moja, ikambana, akaapa. Wakaanza kulinganisha. Ya nani inabanika zaidi, ya nani ilikuwa inatazama mbinguni mwaka gani na sasa inatazama wapi. Kassian aliingia kuchukua bia, akasikia neno moja, akarudi nyuma bila bia.

Ni miaka mingi sijacheka hivyo. Niliwaza, mama angekuwa na jikoni kama hili angesema.

Wifi alikuwa anamenya viazi dirishani. Nikamtania, wifi, umeona ulichokifanya, umetupa sherehe. Ottilie akamwambia kwamba mwakani akipata mafua wavae nyeusi kabisa. Wote wakamcheka kidogo, kwa mapenzi tu. Hakujibu. Kawaida angeshamjibu Ottilie mpaka akimbilie kwake. Nilidhani ameona aibu.


Jumatano, 25 Septemba

Imeamuliwa, sijui na nani. Tarehe thelathini siendi peke yangu. Ottilie, Hiltrud na mama wa mikate wamepiga simu mjini na wamepewa nafasi siku ileile, Daktari Thaler amewapangia wote. Basi halitoshi kwa mazungumzo yao, kwa hiyo Gebhard wa zimamoto atatupeleka kwa gari la kikosi. Kassian anasema likitokea moto Jumatatu, tuungue kwa amani.

Jioni Filomena akasema na yeye atakwenda mjini. Anataka mkanda wa kengele. Kassian akamwambia mkanda upo dukani hapa. Akasema wa hapa mbaya.


Jumatatu, 30 Septemba

Naandikia hospitalini, kwenye kiti cha plastiki, kalamu ya Gebhard.

Tumekuja tumeimba njia nzima. Gebhard amewasha king'ora mara moja darajani kwa sababu Ottilie alimwomba. Hapa mapokezi wakatuuliza ni ajali gani.

Mimi niliingia wa kwanza. Mashine yangu si ile ya kubana, ni pipa la sumaku linalogonga kama mtu anayetengeneza paa, na unalala kifudifudi, matiti yananing'inia kwenye mashimo mawili. Nilifikiria Zenta. Nilimwomba msamaha kwa asubuhi zote za mikono baridi.

Baada ya saa moja Daktari Thaler akaniita. Safi. Kulia safi, kushoto safi. Turudi mwakani, mwezi huuhuu, na mwaka unaofuata, na tusikilize. Nilimbusu mkono ule wa moto, akacheka.

Nimetoka mbio kuwaambia. Ottilie yuko ndani anabanwa, sauti yake inafika huku. Hiltrud ameshamaliza. Mama wa mikate anangoja. Na Filomena alikuwa ameketi mwisho wa korido peke yake, kofia magotini, hajakwenda kununua mkanda wowote. Nikaketi kando yake. Nikamwambia wifi, safi pande zote, sasa mwakani utanidai maua. Nikamsukuma kwa kiwiko kumtania.

Akajikunyata. Yule mwanamke aliyekanyagwa na ng'ombe akanywa kahawa kwanza, akajikunyata kwa kiwiko changu.

Nikasema wifi. Hakunitazama. Akachukua mkono wangu, mkono ambao hajaushika tangu siku ya arusi yangu, akauingiza ndani ya koti chini ya kwapa la kushoto. Pale. Nikakisikia. Kigumu, hakisogei, kikubwa kama kokwa la plamu.

"Tangu mwezi wa saba," akasema. "Si kwa ajili yako niliwavua ng'ombe maua."

Mungu wangu. Na sisi tulimcheka. Na mimi nimeandika humu kwamba ameona aibu! Nilipanda mlima nikamwaga yangu yote, akanisikiliza, akaniuliza kilikuwa kigumu au laini, na mimi nikashuka naimba.

Alikuwa akiyasema barabarani mbele ya kijiji kizima, kwa njia pekee anayoijua ya kusema. Tukampigia tarumbeta.

Nina hasira naye. Nina hasira na mimi. Nilitaka kumpigia kelele za mama yangu, zile nilizozitunza miaka thelathini na moja. Sikupiga. Nilimshika mkono nikamwinua, nikampeleka kwa Daktari Thaler bila nafasi, bila barua, nikasema huyu ni wifi yangu, yeye hakuja kwa alama, yeye amekuja na chenyewe. Daktari akamtazama Filomena usoni, akaweka chini karatasi alizoshika. Akasema aingie sasa hivi.

Mlangoni Filomena akageuka. Akasema ng'ombe wanakamuliwa saa kumi, Kassian atasahau Zenta ana chuchu yenye kidonda. Nikamwambia ingia. Akaingia.

Dakika ishirini sasa. Vroni ameshuka kutoka maabara, ameketi sakafuni kwa koti lake jeupe na hasemi neno lolote la kitaalamu. Nimempigia Kassian, nimemwambia. Akasema atamkamua Zenta mwenyewe kwa mikono. Ottilie ametoka amekumbatia kifua chake, tayari kulalamika, akaona nyuso zetu, Hiltrud akamnong'oneza. Amekaa. Ottilie ananyamaza mara ya pili mwaka huu. Gebhard amekuja kuuliza kama awashe gari, nimemwambia azime.

Dakika arobaini.

Muuguzi amefungua mlango. Ameuliza ndugu wa Filomena ni nani hapa.

Tumesimama wote sita, hata Gebhard.